Msimu wa Homa Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mradi umeanza leo, na vyote viwili vimenikuta sina mwavuli.

Mkurugenzi alituita ukumbini saa tatu, akaanza kuzungumza saa nne. Alisema taasisi yetu ya utafiti wa mifugo imekalia hazina. Hazina yenyewe naijua, maana mimi ndiye mkutubi wake: ripoti, tasnifu, majarida, matokeo ya maabara, vizazi kadhaa vya watu walioandika habari za ng'ombe, mbuzi na kuku mpaka wakastaafu. Yote yameshaingizwa kwenye kompyuta. Shida ni kuyapata. Ukiandika neno, mashine inakuletea kila karatasi yenye herufi hizo, iwe inahusu au haihusu, na inakuficha ile unayoihitaji kwa sababu mwandishi wake alitumia neno jingine.

Sasa tunataka mashine itafute maana, si herufi. Fundi wa mitambo alitueleza ubaoni. Kila jambo lililomo kwenye nyaraka linavunjwa vipande vitatu: kupe, hueneza, homa. Dawa fulani, huua, kupe. Vipande vikishakuwa vingi, mashine inavishona yenyewe, na mtu akiuliza habari za homa anapewa na ile ripoti ya dawa, hata kama ndani yake neno homa halimo. Hapo nilifurahi, sitaficha. Nimeshaona watu wakifanya upya utafiti mzima uliokuwa umelala kwenye kabati la chumba cha pili.

Kazi yangu ni kuyapanga maneno: lipi ni aina ya lipi, lipi husababisha lipi, na yapi mawili ni kitu kimoja. Kila kitu kiwe tayari mvua zikiisha, watakapokuja wageni wa taasisi nyingine kuona kama waunganishe nyaraka zao na zetu.

"Ni kupanga maneno tu," Mkurugenzi aliniambia mlangoni. "Wewe si una subira."

Sijui nani alimwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Paa la chumba cha nyaraka linavuja juu ya meza yangu. Niliandika barua ya kuomba litengenezwe, nikaituma kwa kompyuta kama tunavyotakiwa. Leo nimeikuta barua yangu kwenye nyaraka za wanyamapori, kati ya nyati na swala. Mashine imeona neno paa.

Nikamwita fundi. Nikamwambia hata mtoto anayejifunza kusema anajua kuwa paa anayekimbia na paa linalovuja si ndugu.

"Mashine haiangalii hayo ya mbele na nyuma ya neno," alisema. "Imepewa kamusi, na kwenye kamusi paa wa kwanza ni mnyama. Kimantiki ni sahihi."

Hii "kimantiki ni sahihi" nimeisikia wiki hii mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Fundi ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, na anaisema kwa upole kabisa, kama daktari anayekuambia mguu lazima ukatwe.

Jumanne, 11 Machi

Kwato, pembe, mkia. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tumekaa na wataalamu kwa mara ya kwanza, na kichwa bado kinaniwanga.

Wako wawili. Mmoja ni bingwa wa vijidudu, ambaye sisi sote tunamwita Daktari, kana kwamba jengo zima halina daktari mwingine. Ni mrefu, nadhifu, na huongea kama mtu anayemsomea katibu muhtasari. Mwingine ni mtaalamu wa malisho. Naye ni daktari kwa vyeti, lakini nyuma ya mgongo wake anaitwa Bibi Nyasi. Alichelewa, akaingia na viatu vya tope, akakaa kwenye kiti changu, akatoa karanga mfukoni na kuanza kuzimenya juu ya kibodi yangu.

Tulianza na magonjwa ya koo. Nyaraka zetu zina majina mawili. Kuna homa ya koo, na kuna uvimbe wa bonde. Nikauliza kwa nia njema kabisa: ni ugonjwa mmoja au miwili?

"Mmoja," alisema Daktari. "Uvimbe wa bonde ni jina la zamani, la enzi ambazo hatukuwa na darubini ya maana. Andika kuwa ni ileile, tuendelee."

"Miwili," alisema Bibi Nyasi bila kuinua kichwa. "Wako unaletwa na kijidudu. Wangu unaletwa na majani ya bondeni yanayochipua mvua ikianza. Koo linavimba huku na huku, basi."

"Ushahidi?"

"Niliuandika. Hukuusoma."

"Niliusoma. Haukunishawishi."

"Kupitisha macho na kusoma ni mambo mawili," alisema Bibi Nyasi, akapuliza maganda ya karanga yakaingia kati ya herufi.

Walikuwa wakibishana hivi kabla sijaajiriwa. Kuna ndoa zilizovunjika zikiwa na umri mdogo kuliko ubishi huu. Tulitoka bila kuamua hata neno moja, na jioni nzima nimekuwa nikichokoa maganda kwa kijiti cha meno.

Jumatano, 19 Machi

Mkurugenzi alikuwa anawaonyesha wajumbe wawili wa bodi maendeleo yetu. Akaandika "vimelea", ili watoke kupe, viroboto na minyoo. Walitoka. Lakini juu yao wote ilitoka picha yake, ile ya suti ya kijivu.

Sababu tumeipata baada ya wajumbe kuondoka wakiwa wameziba midomo. Zamani alikuwa mkuu wa idara ya vimelea. Mashine imesoma kuwa minyoo wamo kwenye vimelea, na yeye yumo kwenye vimelea, ikahitimisha kuwa hawa ni jamaa moja.

"Kwa nini mimi ni wa kwanza?" Mkurugenzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, jambo baya zaidi.

Fundi akafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu.

Jumatatu, 24 Machi

Ndoo mbili sasa. Nimehamisha meza.

Jumamosi, 29 Machi

Mdogo wangu amepiga simu, kama kila Jumamosi. Yeye ni daktari wa mifugo wa wilaya, huko mabondeni, peke yake kwa wilaya nzima, na pikipiki yake ina umri karibu sawa na wake. Huongea kwanza na Mama, anayeishi nasi, kisha Mama hunipa simu ikiwa imeshapata joto.

"Dada, hiyo mashine yenu itakuwa tayari lini? Huku mtu ananiuliza ndama wake ana nini, mimi naangalia mbinguni."

"Angalia vitabu."

"Vitabu vimeliwa na mchwa. Wewe ndiye kitabu changu."

Nimemfungulia njia ya kuingia kwenye mashine kwa simu yake, ingawa haijakamilika. Mkurugenzi aliruhusu, alisema watu wa wilayani ndio hasa tunaowatengenezea. Mama alikuwa amekaa anasikiliza. Akamwambia mume wangu, "Nimezaa mabinti wawili, mmoja anatibu ng'ombe, mwingine anatibu maneno. Na wote wanalalamika wagonjwa hawaponi."

Jumatano, 2 Aprili

Kikao cha pili. Ileile, si ileile, ileile, si ileile. Daktari alileta michoro. Bibi Nyasi alileta mfuko wa majani mabichi, akaumwaga mezani, na ndani yake mlikuwa na jongoo. Nilimwomba kwa heshima zote atueleze kwa maneno mafupi mtu akiwa mbele ya ndama atatofautishaje homa hizi mbili. Akasema, "Asome nilichoandika. Sikuandika ripoti nzima ili nije kuifupisha kwa ajili ya mashine."

Ningeweza kumrushia yule jongoo.

Walipoondoka nilimuuliza fundi kama kuna namna ya kusema kuwa vitu viwili vinakaribiana bila kuwa kimoja. Akanionyesha orodha kwenye kioo: ni aina ya, husababisha, hutibiwa kwa, ni ileile.

"Hakuna kitu cha katikati?"

"Ama ni ileile, ama unaacha wazi. Ukiacha wazi mashine haitajua kuwa yanahusiana kabisa."

Mkurugenzi alipita akasikia. Alisema wageni wakiandika uvimbe wa bonde wakapata karatasi chache za zamani zisizo na tiba hata moja, tutaaibika. "Hilo la koo limalize wiki hii," alisema. "Watu wawili hawawezi kusimamisha taasisi."

Kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nilikubaliana naye.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeunganisha. Niandike ilivyokuwa, ili nisije nikajidanganya baadaye kuwa nilifikiri sana.

Asubuhi mdogo wangu alipiga simu, na leo haikuwa Jumamosi. Ndama wanaugua bondeni, koo limevimba, udenda unatoka, hawanyonyi. Wenye mifugo wanasema ni uvimbe wa bonde. Ameandika jina hilo kwenye mashine yetu akapata ripoti chache za zamani, maelezo ya dalili na ramani ya mto. Hakuna dawa.

"Mtandao unakatikakatika kwa mvua hii, ripoti nyingine hazifunguki," alisema. "Nimezungukwa na watu, dada. Kuna mama mmoja ameshika mkono wangu hapa, hauachii."

Nilijua kwenye mashine hiyohiyo, chini ya jina jingine, kuna rundo zima la nyaraka za homa ya koo, zenye sindano, kipimo na siku. Nilikwenda kumtafuta Daktari, akasema, "Ni ileile, nimekwambia tangu Machi." Nilikwenda kumtafuta Bibi Nyasi, mlango umefungwa, yuko porini, simu haipatikani. Nilisimama mbele ya mlango ule nikiwa na hasira naye kwa mengi: maganda, tope, jongoo, ile tabia ya kujibu swali kwa kukutuma ukasome. Nikajiambia kuwa huyu hata angekuwepo angenijibu kwa mafumbo.

Nikarudi mezani. Uvimbe wa bonde, ni ileile, homa ya koo. Nikabonyeza.

Mashine ilifikiri muda mfupi, kisha zile homa mbili zikawa moja. Nyaraka za miaka yote zikajipanga upya, mpya juu, za zamani chini, na juu kabisa ikaandika kwa herufi nene: hutibiwa kwa, ikafuata ile sindano na kipimo chake. Ilipendeza. Nasema kweli, ilipendeza kuiona.

Nikampigia mdogo wangu. "Tafuta tena sasa hivi."

Nilimsikia akisoma kwa kunong'ona. Kisha akasema, "Dada, wewe ni mtu na nusu."

Jumatano, 9 Aprili

Ndama wawili wa kwanza wamesimama na kunyonya. Mama amewasimulia majirani wote wa pande mbili. Daktari alipita mezani kwangu akagonga kalamu mara moja, na kwake hiyo ni shangwe.

Jumapili, 13 Aprili

Ndama sita wamekufa.

Simu ilikuja wakati tunakula. Mama aliipokea kwa furaha, kisha akanipa bila kunitazama.

"Niliwachoma sindano Alhamisi na Ijumaa," mdogo wangu alisema. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma. "Walikuwa na uvimbe uleule. Baada ya sindano walilala, na macho yao yakawa manjano. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Watatu ni wa yule mama niliyekwambia."

Nilimwambia labda walikuwa wameshachelewa.

"Hawakuchelewa. Walikuwa wanatembea."

Nikasema labda dawa ilikuwa mbovu.

"Dawa ni ileile niliyowapa wawili wa kwanza," alisema, na lile neno lilinichoma. "Dada, jana mtandao ulitulia nikafungua ukurasa wa tatu wa yale majibu. Mbali huko chini kuna ripoti ya zamani. Imeandikwa kuwa ndama aliyekula majani ya bondeni ini lake limeshaharibika, na sindano ile inalimaliza. Imeandikwa mtazame macho kwanza. Kwa nini hiyo ilikuwa chini?"

Kwa sababu ni ya zamani. Kwa sababu mimi nilisema ni ugonjwa mmoja, na mashine ikaweka tiba ya mmoja juu ya wote.

"Ningeweza kuwatazama macho," alisema. "Mimi ndiye daktari, hilo nalijua, sikusingizii. Lakini nilisoma ile juu nikaacha kufikiri, kwa sababu ni wewe uliyeniambia tafuta tena."

Akakata. Nimejaribu kumpigia, hapokei.

Mume wangu ameniambia sikuua ndama yeyote. Najua anataka kunifariji. Mama alichukua sahani yangu iliyojaa akaenda kuosha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimsubiri Bibi Nyasi mlangoni kwake tangu ofisi inafunguliwa. Alipokuja na mkoba wake uliolowa nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kabla hajaketi. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

Akauliza, "Macho yalikuwa manjano kabla ya sindano au baada?"

"Baada, anasema. Labda na kabla. Hakutazama."

"Na wale wawili waliopona walikuwa wanalishwa wapi?"

Sikujua.

"Uliza," alisema. Kisha akaketi, akavua viatu, na nikaona kwa mara ya kwanza kuwa miguu yake imevimba na ana umri mkubwa kuliko nilivyodhani. "Ile ripoti niliandika baada ya kuua ng'ombe kumi na moja wa mtu mmoja kwa sindano hiyohiyo. Nilikuwa na vyeti vipya. Ndiyo maana nilikataa kuifupisha. Watu wakipewa ufupisho wanasoma ufupisho."

"Ungetuambia hivyo kwenye kikao," nilisema. Sauti ilinipanda, sikuweza kuizuia. "Siku zote unasema nendeni mkasome. Ungesema tu kuwa inaua."

"Ndiyo," alisema. "Ningesema."

Jumanne, 15 Aprili

Nimelikata lile unganisho. Halafu nimekwenda kwa fundi, nikamwambia sitatoka hapo mpaka anionyeshe kila uhusiano ambao mashine hii inaujua, si ile orodha fupi.

Akafungua. Upo. Kumbe upo. "Hukaribiana na." Unamwambia msomaji kuwa mambo mawili yanafanana, ayaone yote, lakini mashine haichukui tiba ya hili na kulibandikia lile. Ulikuwepo siku zote.

"Niliuzima," alisema. "Unachelewesha majibu."

"Kwa muda gani?"

"Kupepesa jicho. Kidogo zaidi."

Nilishika ukingo wa meza yake. Nilimweleza habari za ndama, mmoja mmoja, na za yule mama aliyeshika mkono wa mdogo wangu. Sikupaza sauti. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza hakusema kuwa kimantiki ni sahihi. Akasema, "Nauwasha sasa hivi, mama," akauwasha.

Ijumaa, 18 Aprili

Mdogo wangu hapokei. Kwa Mama anapokea.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa. Dari la korido limeanguka, bahati halikumpata mtu. Barua ya paa imejibiwa: tuorodheshe wanyama walioathirika.

Ijumaa, 25 Aprili

Kikao cha tatu, nimekiitisha mimi. Nilifunga mlango. Niliweka mezani karatasi za majibu alizotuma mdogo wangu kupitia Mama: kila ndama, alilishwa wapi, alikuwaje, alipewa nini, ikawaje. Wale wawili waliopona walilishwa juu, hawakushuka bondeni. Hakuniandikia mimi neno hata moja pembeni.

Daktari alizisoma zote, mara mbili. Alikuwa amepima katika maabara yake damu ya wanne kati yao, aliyotumiwa kutoka wilayani. Niliona anavyoukunja uso.

"Wawili kati ya waliokufa walikuwa na kijidudu," alisema.

"Nilikwambia," Daktari alianza kumwambia Bibi Nyasi, kisha akasita, kwa sababu mwenzake alikuwa ameshika karatasi nyingine, ya uchunguzi wa mizoga.

"Hao hao wawili walikuwa na majani tumboni," Bibi Nyasi alisema. "Walikuwa na yote mawili."

Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Nilitambua kuwa hawa watu wawili, kwa miaka yote hiyo, kila mmoja alikuwa amewaona wanyama wa kweli, na kila mmoja alikuwa na sehemu ambayo mwenzake hana, na hakuna siku waliyoweka karatasi zao kwenye meza moja. Mimi nilidhani wanagombea sifa. Sifa nazo wanazigombea, sitawatakasa. Lakini kulikuwa na kitu chini yake.

"Majani yanalidhoofisha ini," Daktari alisema polepole, safari hii si kwa sauti ya kusomea katibu. "Kijidudu kinapata njia. Ukichoma sindano unaua kijidudu, na ndama pia."

"Basi ndama aachwe kwanza siku chache kwenye malisho ya juu," alisema Bibi Nyasi, "ndipo sindano."

"Dozi nusu."

"Nusu, labda. Hatujui."

"Hatujui," Daktari alikubali, na nikaandika hilo pia. Hatujui. Nilimuuliza fundi kama mashine ina mahali pa kuandika hatujui. Alisema atatengeneza.

Walibishana mpaka jioni juu ya kila kitu kingine. Ila safari hii walikuwa wanabishana wakiwa wameinamia karatasi moja, na karanga ziliwekwa kwenye kisahani, maana nilikileta.

Jumamosi, 3 Mei

Simu ya Jumamosi. Mama ameongea nusu saa, amecheka mara mbili. Kisha ameikata na kuiweka mezani.

"Anakusalimu," alisema.

"Amesema hivyo?"

Mama alianza kukunja nguo. "Amenyamaza kwa namna ya kukusalimu."

Jumatatu, 12 Mei

Mapafu. Matumbo. Nimepitia upya kila "ni ileile" niliyowahi kuibonyeza. Nyingi zilikuwa sawa. Baadhi nimezibadilisha. Mkurugenzi analalamika kuwa majibu sasa yana maneno ya tahadhari mengi mno, na wageni wanakuja wiki ijayo. Nimemwambia anaweza kuniondoa kwenye mradi, lakini tahadhari hazitoki. Alinitazama kama aliyekanyagwa na mbuzi wake mwenyewe, akaenda zake.

Jumatano, 21 Mei

Wageni wamekuja. Mvua imepungua, jua limetoka kidogo, na korido imewekwa turubai la bluu.

Mkurugenzi aliandika uvimbe wa bonde mbele yao wote. Mashine ilitoa magonjwa mawili, bega kwa bega, na juu yake: hukaribiana, mnyama mmoja anaweza kuwa na yote mawili, tazama macho kabla ya kutibu. Chini ikaonyesha mahali ambapo wataalamu wetu hawakubaliani na kila mmoja anasimamia nini.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliisoma kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ni ugonjwa mmoja au miwili?" aliuliza.

"Mmoja wenye sura mbili," Daktari alisema.

"Miwili yenye sura moja," Bibi Nyasi alisema, wakati huohuo.

Mkurugenzi alifumba macho. Yule mgeni akacheka, akavua miwani akaifuta. "Kwetu tuna watu kama hawa," alisema, "ila mashine yetu haijawahi kuwaonyesha wote wawili." Wamesema wataunganisha nyaraka zao na zetu. Kazi itaongezeka maradufu. Nimekwenda chooni, nimekaa juu ya kifuniko dakika chache, nimerudi.

Jumamosi, 24 Mei

Leo simu haikulia. Badala yake mlango umegongwa mchana, na aliyegonga ni mdogo wangu, tope hadi magotini, amekuja kwa pikipiki yake mwenyewe njia yote.

Alimsalimu Mama, akamsalimu mume wangu, akanitazama. "Dada, washa kompyuta," alisema. Hakukubali hata maji.

Alikuwa ameandika ripoti. Si ndefu. Ina ndama wale sita, na ina yeye, kwa jina na cheo. Imeandikwa: daktari aliwachoma sindano bila kutazama macho, kwa kufuata jibu la juu la mfumo wa utafutaji. Imeandikwa alivyokwenda kwa kila mwenye mifugo kumweleza kwa nini ndama wake alikufa, na kwamba yule mama wa ndama watatu hakutaka kumsikiliza mpaka alipokwenda mara ya tatu.

"Nataka iingie kwenye nyaraka," alisema.

"Itakuharibia," nilimwambia. "Mtu yeyote atakayetafuta ataiona. Wakubwa wako wataiona."

"Ndivyo ninavyotaka. Bibi yule aliandika yake, na mimi sikuifikia. Yangu iwe mahali ambapo mtu ataifikia." Alivuta kiti akakaa karibu yangu, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe ndiye unayejua pa kuiweka."

Nikaanza kuivunja vipande vitatu vitatu, yeye akitazama. Ndama, alilishwa, bondeni. Ndama, alipewa, sindano. Sindano, ilisababisha, kifo. Hapo mkono ulisita, yeye akasema, "Endelea." Mfumo unadai kila ripoti iandikwe ilitokana na nini. Nikaandika: unganisho lisilo sahihi kati ya magonjwa mawili. Kisha unauliza nani aliliweka. Ripoti yake haikunitaja. Niliandika jina langu kamili, la kwangu na la baba yetu, ambalo ni lake pia.

Aliliona. Alitoa simu yake, akafuta kioo kwa kanga ya Mama iliyokuwa juu ya kiti, akaandika kwa kidole kimoja: uvimbe wa bonde. Tulisubiri. Ilichelewa kidogo, kupepesa jicho na kidogo zaidi.

"Imetoka ya kwanza," alisema.

Aliisoma yote tena, kama vile hakuiandika yeye. Kisha akaweka simu chini, akainama kufungua viatu vyake vya tope, akamuuliza Mama kama kuna chochote kilichobaki jikoni.